Konokono wa Doa Jekundu na Mstari wa Harju

Jumanne, 10 Juni

Nimefika Marquette! Upepo wa darajani ulitaka kunimwaga ziwani pamoja na gari, lakini nimefika. Shangazi Impi kanipokea mlangoni. Zimwi limerudi, kasema. Huku Rasi ya Juu, kaskazini ya jimbo la Michigan, kila anayeishi kusini ya daraja ni zimwi, kwa sababu mazimwi hukaa chini ya madaraja. Nimezaliwa hapa hapa, nyuma ya kanisa lake. Haijanisaidia kitu.

Kesho kongamano linaanza. Jiografia ya Viumbe na Utamaduni wa Binadamu. Yaani sisi ndio tunaoeleza kwa nini mdudu fulani anaishi huku na haishi kule, na kwa nini watu wa huku wanapika hivi na wa kule vile. Kazi ya heshima. Haina washabiki. Ina tunu moja tu: mstari kwenye ramani wenye jina lako. Mwenye mstari hafi. Asiye nao anafundisha mwaka wa kwanza mpaka anastaafu.

Mimi ninao. Mstari wa Harju! Unaanzia ufukweni mwa Ziwa Superior, mwendo mfupi wa gari mashariki ya hapa, unashuka kusini hadi Ziwa Michigan. Mashariki yake ardhi ni ya mawe ya chokaa na konokono wamejaa, maana konokono hujenga gamba kwa chokaa. Magharibi yake ni mwamba mgumu, na konokono wa aina hiyo hakuna. Sasa sikiliza, shajara. Mashariki watu hula pasti kwa tomato sosi. Magharibi wanaimwagia mchuzi mzito wa unga. Mstari uleule! Pasti ni ileile waliyobeba babu zetu migodini, nyama na viazi ndani ya unga uliokunjwa na kuokwa, lakini kinachomwagwa juu hakifanani. Sababu nimeigundua mwenyewe. Maji ya chokaa huufanya mchuzi uwe mabonge. Bibi zetu wa mashariki walikoroga, wakakoroga, wakakata tamaa, wakachukua chupa ya tomato. Konokono ndiye shahidi.

Profesa Osgood Wengler amekuja. Yeye ndiye mhariri wa Atlasi Kuu, na Jumamosi, kwenye chakula cha kufunga, atasoma mistari itakayoingia. Atlasi hutoka mara moja katika kizazi. Nisipoingia, nimekwisha. Mkuu wa kitivo kaniambia wazi: idara ya jiografia, yaani mimi na tufe la plastiki, itafungwa Septemba kama sitarudi na kitu chenye jina langu. Nitapelekwa idara ya michezo, kupanga safari za basi za timu ya hoki ya barafuni. Mimi! Mwenye mstari!

Kwa hiyo nimejizatiti. Ndani ya mkoba wangu kuna chupa ya konokono hai wa mashariki. Najua, najua. Katika kazi yetu hakuna dhambi kubwa kuliko kumtoa kiumbe kwao na kumpeleka asikokuwepo. Chama chetu humfukuza mtu kwa hilo. Lakini bango lisilo na konokono hai ni ramani ya mchuzi tu. Nimewatia alama wasije wakachanganyika na wa mtu mwingine: doa dogo chini ya gamba, karibu na mdomo, kwa rangi ya kucha ya Shangazi. Nyekundu ya kuiva. Alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Chakula cha jioni, pasti. Shangazi kachukua tomato sosi. Tuko magharibi ya mstari! Nimemuuliza kwa upole mchuzi uko wapi.

“Mchuzi ni wa kuficha pasti kavu, mwanangu,” kanijibu. “Yangu umeiona kavu?”

Nimemwondoa kwenye utafiti. Mtu mmoja si utamaduni.


Jumatano, 11 Juni

Uandikishaji. Kila mtu anapewa beji, na chini ya beji unabandika tepe za rangi kulingana na heshima yako. Bluu kwa mtoa mada, kijani kwa kamati, dhahabu kwa mfadhili. Mimi nimepewa beji tupu. Kumbe sikupangiwa mada, nimepangiwa bango! Bango, ukumbini, njia ya kwenda chooni. Dada wa mapokezi akasema kwamba ni mahali pazuri kwa kuwa kila mtu atapita. Alipogeuka kumhudumia mwingine nikajichukulia tepe. Ya kijani, ya bluu, na nyingine ya zambarau ambayo sikujua ni ya nini. Mchana kutwa watu wamekuwa wakiniuliza chumba cha kunyonyeshea watoto kiko wapi.

Daktari Corinne Batterby yupo. Bila shaka yupo. Ana tepe zinazofika kiunoni, na zote kapewa kwa haki, jambo linaloudhi zaidi. Naye ana mstari. Wa kwake uko magharibi zaidi, unafuata mto, na anadai kwamba ng'ambo hii ya mto kuna kome wa aina fulani na watu hupanga kuni gome likiwa juu, na ng'ambo ile kome hakuna na gome liko chini. Upuuzi mtupu. Kome wanahusiana nini na kuni? Lakini yeye kapewa ukumbi mkubwa, saa ya asubuhi, watu wakiwa bado macho.

Akaja kunisalimu. Akalitazama bango langu kwa muda, akasema kwa sauti tamu kwamba amefurahi kuona bado naendelea na mambo ya jikoni. Nikamwambia nami nimefurahi kuona bado anaokota kuni. Tukacheka wote wawili kwa meno.

Tatizo: watu wanapita mbio kwenda chooni na hawasimami, na wakirudi wana mikono maji. Nikafikiri. Watu wa kongamano hawafuati elimu, wanafuata kahawa. Basi wakati wa hotuba kuu nikasukuma meza ya kahawa, birika, vikombe na yote, kutoka upande ule mpaka mbele ya bango langu. Mgongo unaniuma hadi sasa. Mapumziko yalipofika wakaja wote! Umati! Wakajaa mbele ya Mstari wa Harju, wakaupa mgongo, wakanywa kahawa. Mzee mmoja wa mambo ya popo akaegemea kusini yote ya ramani. Wengler naye akaja, akajaza kikombe, nami nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Wakubwa ndivyo walivyo.

Ndipo nikaamua kuwatoa konokono. Watu walipoenda kula, nikawapanga kwenye bango, upande wa mashariki, nikafunika kwa kitambaa chepesi cha wavu. Wakashikilia vizuri. Wakawa wazuri kweli! Kesho kila mtu atasimama.


Alhamisi, 12 Juni

Wamelila!

Konokono hula karatasi. Nimesoma miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniambia. Wamekula Ziwa Michigan, wamekula maelezo, wamekula shukrani kwa mke wangu wa zamani. Mstari wenyewe nilikuwa nimeukata kwenye karatasi nyekundu na kuubandika kwa gundi ya unga, ili uonekane mbali. Wameula kuanzia kaskazini hadi kusini, kwa utaratibu, bila kuacha hata kona. Walipomaliza wakalala palepale walipokula. Mtu anaweza kulia.

Nikawarudisha kwenye chupa haraka kabla ya mtu kufika. Mmoja hayupo. Yule mkubwa, niliyekuwa nimemweka juu kabisa kwa sababu ya sura yake. Nikatafuta chini ya meza, nyuma ya birika, ndani ya kapu la karatasi, kwenye sinki la choo cha wanaume na, kwa bahati mbaya, cha wanawake. Hakuna. Nikajipa moyo. Konokono ataenda wapi? Ni konokono.

Mstari nimeuchora upya kwa rangi ya kucha iliyobaki. Umenoga kuliko wa kwanza. Wenzake yule mtoro nimewapeleka nyumbani na kuwaweka ndani ya friji, nyuma ya maziwa, maana baridi huwalaza. Shangazi alipofungua friji akasimama kidogo, akafunika chupa kwa sahani, akaendelea na shughuli zake. Mama yule amezika waume wawili, hashtuki.

Alasiri mambo yakanyooka. Waandaaji walituwekea sauna ya kuni, chumba cha mvuke, kando ya ziwa. Zamu ya wanaume. Batterby hawezi kuingia. Hiyo ndiyo raha ya zamu. Na nani alikuwa benchi la juu kabisa, kwenye joto la kuua, peke yake, taulo kichwani? Wengler!

Sasa hapo ni kwetu. Damu yangu ni ya Kifini, na sauna ni mali ya Wafini. Ndani ya sauna hakuna profesa wala mwanafunzi, kila mtu ni tumbo lake tu, na aliye benchi la juu hawezi kukukimbia bila kuonekana mnyonge. Nikapanda nikakaa naye bega kwa bega. Nikamwaga maji kwenye mawe ya jiko, na mvuke ulipopanda nikaanza. Nikamweleza chokaa. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikamweleza konokono. Akafumba macho, akatikisa kichwa. Nikamweleza mabonge ya mchuzi na uchungu wa bibi zetu, akaweka mkono kifuani! Mwisho nikamuuliza waziwazi kama mstari utaingia. Akatikisa kichwa polepole, kwa uzito, namna mtu anavyokubali jambo alilokwisha kuliamua moyoni.

Heshima ikanikataza kutoka kabla yake. Mzee yule ni wa chuma. Nikaanza kuona nyota, kisha nikamwona baba yangu marehemu, kisha nikaona miguu yangu ikipita juu yangu. Walinibeba wawili wakanitupa ziwani. Ziwa Superior mwezi Juni ni barafu iliyosahau kuganda. Nikapiga ukelele ambao wanasema ulisikika bandarini. Sijali. Nimeingia Atlasi!

Nimempigia simu mkuu wa kitivo na kumwambia aagize kibao cha mlangoni.


Ijumaa, 13 Juni

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Asubuhi, kikao cha wote. Batterby alipangiwa kuzungumzia kuni. Akapanda jukwaani bila kuni yoyote. Mkononi ana glasi iliyofunikwa kwa kitambaa. Akasema anaomba radhi, mada yake imebadilika, kwa sababu alfajiri, akiwa katika matembezi yake, aliona kitu kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha la choo.

Akafunua glasi. Yule mkubwa!

Ukumbi mzima ukasimama. Watu wazima, wenye wajukuu, wakapandiana mabegani. Konokono wa chokaa, hapa Marquette, juu ya mwamba mgumu! Haijawahi kutokea! Batterby akangoja makofi yaishe, akasema kwa huzuni ya kujifanya kwamba jambo hili, kwa bahati mbaya, linaufuta mstari wa mwenzetu Daktari Harju, kwa kuwa mpaka wa kweli wa konokono lazima uwe mbali zaidi magharibi. Pengine mtoni, akasema. Pengine palepale penye kome.

Nikadhani yamekwisha. Hayajaisha! Akamgeuza konokono mbele ya kamera, na kwenye ukuta mweupe likatokea doa langu, kubwa kama meza. Akasema kundi hili la magharibi lina alama nyekundu ya asili ambayo haijawahi kuonekana popote. Anaamini ni aina mpya. Anapendekeza jina: konokono wa Batterby.

Wakalijadili doa lile mpaka chakula cha mchana. Mmoja akasema ni madini ya chuma kutoka migodini. Mwingine akasema ni alama ya kuwatisha ndege. Yule mzee wa popo akasema hajaona wekundu wa namna ile tangu alipokuwa Borneo. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nimeuma beji.

Nifanye nini? Nikinyamaza, mstari wangu umekufa, na adui yangu amepata konokono. Nikisema, mstari unafufuka, lakini mimi ndiye niliyeleta kiumbe hai, na chama kitanitupa nje. Mstari wa mtu aliyefukuzwa hauingii kwenye Atlasi. Vyovyote vile nitaishia kwenye hoki. Nilikosa raha kabisa, hata pasti ya mchana nikaila nusu.

Ndipo nikapata akili. Si doa ndilo linalomtukuza? Basi doa liondoke! Bila doa hakuna aina mpya, Batterby anaaibika, na hakuna anayeweza kuniunganisha na konokono. Konokono mwenyewe nitafikiria baadaye. Nikaenda kwa Shangazi, nikachukua dawa yake ya kutolea rangi ya kucha na pamba. Jioni, wote wakiwa kwenye mkutano wa chama wakibishana kuhusu katiba, nikaenda mapokezi walikoiweka ile glasi. Nikaondoa kitambaa. Nikamshika. Nikalowesha pamba.

Mkono ukagusa bega langu. Wengler.

Hakukasirika. Machozi yalimlengalenga. Akaniambia, kwa sauti ya kutikisa madirisha, kwamba hiyo ndiyo elimu aliyolelewa nayo: mtu ambaye mstari wake umeuawa na konokono, anakuja faraghani kumpa konokono heshima yake. Akanivua konokono vidoleni taratibu, akamrudisha. Akanusa harufu ya dawa hewani, akauliza kama ninaumwa meno.

Nikaona niichukue nafasi hiyohiyo. Nikamkumbusha ahadi ya sauna. Akaweka mkono sikioni, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa, lakini safari hii kwa kukataa.

“Sauna? Sauna huwa navua mashine zangu za masikio, mvuke unaziua,” akasema. “Kuna bwana mmoja alikaa ubavuni kwangu, midomo inamcheza muda wote. Nilidhani anasali, nikawa namwitikia kwa adabu. Baadaye nasikia alizimia. Wewe unamjua?”

Nimemwambia simjui.


Jumamosi, 14 Juni

Chakula cha kufunga kilikuwa ukumbi wa chini wa kanisa la Shangazi. Akina mama wa kanisa hutengeneza pasti pale kila wiki na hakuna kongamano linalopita mji huu bila kulishwa nao. Kila meza ilikuwa na chupa za tomato na majagi ya mchuzi. Nilichagua meza ya pembeni ili niweze kutoroka. Batterby alikaa meza kuu, kulia kwa Wengler, na katikati yao, juu ya kitambaa cheupe, konokono ndani ya glasi yake na jani la saladi.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Naapa ulikuwa mzuri. Ningesubiri Wengler asimame, nami nisimame, nimpongeze Batterby kwa moyo mkunjufu, halafu niombe Mstari wa Harju uingie kama mpaka wa mchuzi peke yake, konokono tumwache. Hotuba nilikuwa nayo kichwani. Hata kicheko cha unyenyekevu nilikuwa nimekifanyia mazoezi kwenye gari.

Wengler akasimama. Nikasimama. Na Shangazi Impi akatokea jikoni na sinia la pasti, akaelekea meza kuu kwanza, kama ilivyo desturi. Akaweka sinia. Akainama. Akaitazama glasi.

“Verlin mwanangu,” akaniita kutoka kule, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliyeacha viatu mlangoni, “mdudu wako huyu umemsahau huku. Wenzake bado wako kwenye friji langu, wanangoja nini?”

Uma zikatua kwenye sahani. Batterby akasema, kwa utulivu, kwamba mama amechanganya, huyu ni konokono adimu wa porini, na alama yake nyekundu inamthibitisha. Shangazi akauliza alama gani. Batterby, kosa lake hilo, akamgeuza konokono amwonyeshe.

Shangazi akainama tena. Akaweka vidole vyake mezani, kando ya gamba. Kucha zake na doa. Doa na kucha zake. Wataalamu wakasogea mmoja mmoja wakainama kutazama, na yule mzee wa popo akavaa miwani, akaangalia kucha, akaangalia doa, akarudi kuketi bila kutaja Borneo.

“Kumbe,” akasema Shangazi. “Na mimi nailaumu kwaya kwa chupa yangu kukauka.” Akalikwangua doa kwa ukucha. Likatoka lote, likadondoka kwenye kitambaa cheupe.

Batterby akanigeukia. Alikuwa mweupe kama unga. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuwa nikijua tangu jana, nikamwacha ampe jina lake. Nikamjibu kwamba nilikuwa naheshimu mchakato wa kisayansi. Machozi yakamtoka, ya kweli, na nikaona aibu. Niliiona kabisa, hapa kifuani. Ikapita.

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Dhambi kubwa! Kiumbe hai! Wengine walitaka nifukuzwe palepale kabla ya keki. Wengine wakasema mwanamama aliyetaja aina mpya bila kuikwangua naye ana la kujibu. Ikaundwa kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Ikaamuliwa kwamba nibaki mwanachama, ila katika makongamano yote yajayo nipekuliwe mlangoni.

Nilipiga mkono mezani. Nikawaambia waone basi, konokono alitoka mashariki, mstari wangu ni mzima! Wengler aliyekuwa amevaa mashine zote mbili akanisikia. Akanijibu kwa upole uliouma kuliko kelele. Mstari wangu, akasema, sasa hautaaminiwa na mtu yeyote, hata kama ni wa kweli, kwa kuwa hakuna atakayejua tena konokono yupi alitembea mwenyewe na yupi alisafiri ndani ya mkoba wa Harju. Akina mama wa kanisa wakaendelea kugawa keki.

Kisha akasoma mistari. Ya bahari, ya milima, ya watu waliokufa zamani. Jina langu halikusikika. La Batterby halikusikika. Nikachukua koti. Ndipo akafungua ukurasa wa mwisho na kusema kwamba Atlasi hii itakuwa na kiambatisho kipya, kwa mafunzo ya vijana, kiitwacho Mistari Iliyofutwa. Imo miwili. Mstari wa Batterby. Mstari wa Harju.

Nimeingia Atlasi!!

Kinachoniudhi ni kimoja. Wamepanga kwa alfabeti. Ameniketia juu.


Jumanne, 17 Juni

Nimerudi kusini ya daraja. Nilimpelekea mkuu wa kitivo habari njema mwenyewe, nikiwa nimevaa tai. Nikamwambia nimo, kwa jina kamili, katika Atlasi Kuu. Akauliza ukurasa gani. Nikamwambia kuelekea mwisho, mahali pa kupumzikia macho. Kumbe alikwisha kuzungumza na mtu. Hakutaja nani, lakini alilijua neno “kiambatisho”, na huyu si mtu wa kulijua peke yake.

Idara imefungwa. Hawakungoja Septemba. Tufe wamelipeleka chumba cha watoto wa wafanyakazi. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeshafika, wakaniachia nikichukue. Mimi nimepewa meza kwenye jengo la michezo, karibu na chumba cha jezi, nipange safari za basi za timu ya hoki. Nilikaa pale nikatazama ukuta. Miaka yangu yote ya mchuzi! Niliumia, sitaficha. Niliumia mpaka saa ya chai.

Halafu nikafungua ratiba. Mungu mkubwa! Basi la hoki linapita jimbo zima! Linasimama kila mji, kila bwawa, kila kinamasi, na dereva hulipwa na chuo. Hakuna mwanajiografia wa viumbe aliyewahi kupewa basi. Na kila mji una washabiki wanaoshangilia bure, kwa sauti, mbele yangu. Nikakumbuka jambo nililoliona utotoni: kwenye miji ya vyura wa sauti nzito, watu hushangilia kwa kuguna. Kwenye miji ya vyura wadogo wanaolia kwa sauti ya juu, watu hupiga mluzi. Kuna mpaka mahali. Lazima kuna mpaka. Mstari wa Harju wa Pili!

Nimeshachukua ndoo yenye mfuniko. Nahodha wa timu kaniuliza ndoo ni ya nini ndani ya basi, nimemwambia ni ya taulo. Nitawahitaji hai, maana bango bila chura hai ni ramani ya kelele tu. Karani wa michezo, binti mwenye maneno mengi, kanikumbusha kwamba hoki huchezwa majira ya baridi, na majira hayo vyura wote wamelala matopeni.

Vizuri zaidi. Aliyelala hatoroki. Na vyura hawali karatasi.